Bahari Ndani ya Bahasha

4 Februari

Dada yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za wale ambao wamenisalimia ukutani kwa kalamu ya rangi. Huku hatujambo. Wifi yako kikohozi kimemwacha, kimebaki kile kisauti kizito, na kwa kuwa watoto wanakitii kuliko kile cha zamani, amesema hataki dawa tena. Mimi goti ni lile lile la upande wa breki.

Kazini mambo ni mazuri. Yule mama niliyekusimulia, mwanafunzi wangu aliyeanguka mtihani wa udereva mpaka msimamizi akawa anamuuliza habari za wajukuu, hatimaye amefaulu. Kwa furaha akaniletea zawadi imefungwa kwa utepe. Nilidhani ni saa ya mkononi. Nilipofungua nikakuta mchezo wa kadi unaoitwa Kilindi.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimeusoma mpaka nimeuelewa. Kila kadi ina kiumbe wa baharini. Unapewa fungu, unachagua kadi moja, unaiweka mbele yako, zilizobaki unampa mwenzako. Naye anachagua moja, anakurudishia. Mnakwenda hivyo hivyo mpaka fungu liishe, kila mmoja akijenga bahari yake. Juu ya kadi pana alama, chini pameandikwa kiumbe huyo anakula nini. Mwisho wa mchezo, ambaye chakula chake hakimo baharini mwako anatolewa, maana amekufa njaa. Mwenye alama nyingi ndiye mshindi.

Wifi yako amekataa kucheza. Anasema wa humu ndani wanamtosha kuwalisha. Nikakukumbuka wewe. Tutacheza kwa posta.

Lakini mchezo usio na kitu mezani haunogi. Tangu shemeji afariki nimekuomba mara ngapi uje ukae kwetu? Kila nikikuomba unageuza mazungumzo. Mara ya mwisho uliniuliza bei ya matairi, na wewe huna hata baiskeli. Basi tuamue hivi: nikishinda, unafunga mizigo na kuhamia chumba chetu cha nyuma. Ukishinda wewe, sitakugusia tena jambo hilo maisha yangu yote.

Nimetoa kadi nane tu ili tusizeeke njiani. Nimeshachukua moja, ni papa. Ana alama nyingi kuliko wote. Zilizobaki zimo ndani ya bahasha hii. Chagua kwa akili.

Mdogo wako,
Breki


19 Februari

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako na bahari yako, zote zikiwa kavu. Nashukuru nyote ni wazima. Huku nami sijambo. Hospitali imetuletea mashuka mapya, meupe mpaka wasichana wa kupiga pasi wanavaa miwani ya jua kwa dhihaka. Mashine kubwa ya kufulia ndiyo imetushinda. Ikifika mahali pa kukamua inaanza kuruka, na jana iliruka mpaka mlangoni, tukafungiwa ndani mimi na wenzangu tukisubiri ijisikie kurudi. Wameahidi kutuletea fundi.

Kuhusu makubaliano yako, nimekubali. Usishangae. Kwa namna unavyoendesha mambo, nimeona hatari yako ni ndogo.

Nimezitandaza kadi zako juu ya meza ya kupigia pasi saa ya chai. Nimechukua kiti cha pweza, ile kadi yenye picha ya nyota. Nimeona na pweza mwenyewe yumo kwenye fungu, na nikimchukua bila kumwandalia mahali pa kukaa itakuwa ni utovu wa adabu. Kwetu mgeni hukaribishwa kiti kwanza.

Nakurudishia zilizobaki. Na tafadhali usinipigie simu kuhusu mchezo huu. Kwenye simu unapiga kelele kana kwamba mimi ndiye nimeshika usukani.

Dada yako


3 Machi

Dada yangu mpenda wageni,

Salamu, na pole kwa kufungiwa na mashine. Huku watoto wamefunga shule, kwa hiyo mimi na wifi yako ndio tumefungua yetu. Mdogo amejifunza kupiga honi ya gari la mafunzo. Mwanafunzi wangu mmoja aliruka akajigonga kichwa darini, na sasa anasema ana kesi.

Nimecheka barua yako mpaka nikaegesha gari pembeni. Dada, kiti cha pweza si kiti. Ni mnyama. Soma chini ya kadi: anakula chaza. Umechukua kiti kinachohitaji chakula cha jioni. Na huyo pweza uliyekuwa ukimwandalia makaribisho nimemchukua mimi. Sina haja naye sana, lakini nimeona raha kumchukua.

Chumba cha nyuma nimeanza kukipaka rangi. Mkebe umeandikwa "krimu", ila ukutani inaonekana kama maziwa yaliyoharibika. Wifi yako anasema ikikauka itatulia. Dirisha linatazama uwanja ninapofundishia kurudi nyuma, kwa hiyo hutakosa cha kutazama. Kila asubuhi mtu anagonga pipa.

Chagua haraka. Ninaanza kukuonea huruma.

Breki


21 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia mtoto amepata honi, maana sauti ya baba yake peke yake ilikuwa haitoshi.

Fundi alikuja. Ni mtu mzima mwenye mvi za pembeni, mtaratibu, na wasichana wa kufulia wamemwita Bisibisi kwa sababu anayo kila mfukoni, hata ule wa shati ambao watu wengine huweka kalamu. Alitengeneza mashine, ikatulia. Alipoondoka ikaanza tena kuruka. Akarudi. Sasa anakuja kila Jumanne na Ijumaa kuisikiliza. Anaweka sikio ubavuni mwa mashine kama daktari, na sisi wote tunanyamaza.

Ijumaa alikuta kadi mezani akauliza ni nini. Nikamweleza. Alizisoma zote mpaka chini, halafu akasema, "Papa bila samaki ni mdomo tu." Nikaona hilo si neno baya, na nakupa bure ulifikirie.

Kuhusu kiti, nakiri sikusoma chini ya kadi. Nimekaa miaka yote hii duniani na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kiti kinakula. Basi tumeona ni bora kimpate huyo chaza wake. Nimemchukua chaza. Kiti changu kimeshiba, na wewe una pweza amesimama wima.

Usinipakie rangi chumba ambacho sijashindwa.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Salamu za wote. Yule mwenye kesi ya kichwa tumepatana. Nimempa masomo ya ziada bure, na sasa mimi ndiye ninayehitaji daktari.

Nimechukua kaa. Pweza wangu anakula kaa, kwa hiyo amesimama wima lakini ameshiba, na mtu aliyeshiba hatafuti kiti. Zimebaki kadi tatu: mwani, samaki changu, na kasa. Unaona mambo yanavyokukalia vibaya. Papa wangu anamngoja changu tu.

Sasa swali dogo. Umeandika, "Tumeona ni bora kimpate huyo chaza wake." Nimeisoma sentensi hiyo, nikampa wifi yako naye akaisoma. Mimi najua bahari hii ni ya watu wawili, wewe na mimi. Huyo mwingine katika "tumeona" ni nani? Kama ni wasichana wa kufulia, sawa. Kama ni yule fundi, nakukumbusha kuwa kanuni haziruhusu wasaidizi. Nimezitafuta kanuni zinazokataza hilo na sijaziona, lakini nina hakika zipo.

Na jambo jingine. Mashine gani hiyo inayotengenezwa tangu Februari? Nimefanya kazi na mafundi wa magari maisha yangu yote. Ama fundi huyo hajui kazi yake kabisa, ama anaijua kuliko ninavyodhani.

Kitanda nimeshaagiza kwa seremala. Ni cha mtu mmoja, cha mbao ngumu.

Breki


30 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa. Kulikuwa na kazi nyingi, na mvua, na posta nayo unaijua. Hatujambo. Mashuka yale meupe yameanza kuwa ya rangi ya kawaida, na mimi nimefarijika, maana kitu kikiwa cheupe vile mtu anaogopa hata kukigusa. Msichana mmoja wa kupiga pasi amehamishiwa jikoni, tumemfanyia chai ya kumuaga, analia, na jiko lenyewe liko mlango wa pili. Nimenunua viatu vipya. Ni vyekundu kidogo.

Mashine inaendelea vizuri.

Tumechukua mwani. Kasa anakula mwani, na tunadhani wewe utamkimbilia changu kwa pupa, utuachie kasa. Kama tumekosea, tutakula mwani wetu kimya kimya.

Wasalimie watoto. Mwambie wifi yangu nimekipenda kile kisauti chake, asikiache.

Dada yako


12 Juni

Dada,

Sitaanza kwa salamu ndefu, kwa sababu nimeshinda.

Nimemchukua changu. Papa wangu amepata mlo, pweza wangu ana kaa wake, na bahari yangu imejaa. Kadi ya mwisho, kasa, ni yako bila kuchagua, na nimeitia ndani ya bahasha hii. Nimejumlisha alama za pande zote mbili, zangu zimezidi. Sikuzidi kwa nyingi, nakubali kwamba kile kiti chako kilichoshiba kilinitia jasho mwishoni. Lakini ushindi ni ushindi. Kitanda kimefika, rangi imetulia kama wifi yako alivyosema. Nakungoja mwanzo wa mwezi, na nitakuja mwenyewe na gari la mafunzo. Ile alama ya "Mwanafunzi" nitaitoa njiani usione aibu.

Sasa tuzungumze mengine.

Bahasha yako ya mwisho ina muhuri wa posta wa mji ambako wewe huna ndugu, huna rafiki, na huna mashuka. Anwani yangu imeandikwa kwa herufi zilizonyooka, zote kubwa, kila moja imesimama kama nguzo. Mwandiko wako mimi naujua, unalala kama watu waliochoka. Na katika barua yenyewe umetaja viatu vyekundu, ukasema mashine inaendelea vizuri kwa maneno matatu tu, wewe ambaye mashine hiyo ilikuwa inakupa nusu ukurasa. Hukujibu hata swali moja nililokuuliza.

Nimempa wifi yako barua hiyo. Amesoma, amecheka, akarudi jikoni, na hakuniambia amecheka nini. Nimebaki sebuleni na kadi zangu.

Dada, kuna nini?

Breki


25 Juni

Mdogo wangu,

Hongera kwa ushindi. Ahadi ni ahadi, na mimi sijawahi kukimbia yangu. Nitahamia kwako.

Ila itabidi uongeze ukubwa wa kitanda, kwa sababu tutakuja wawili.

Ni Bisibisi, kama ambavyo wifi yangu alijua tangu kwenye "tumeona". Mashine ilipona Aprili. Tangu hapo alikuwa anakuja kuisikiliza tu, na mimi nilikuwa namwandalia chai ili asikilize vizuri. Muhuri ule ni wa mji wanakokaa watoto wake wakubwa. Alinipeleka wanione. Waliniuliza maswali machache, wakanipa kiti kizuri, na bintiye ndiye aliyenishauri viatu vyekundu. Bahasha aliandika yeye, kwa sababu mimi nilikuwa bado navijaribu viatu hivyo mbele ya kioo. Tunafunga ndoa mwezi wa nane. Tarehe bado tunabishana.

Najua unauliza kwa nini sikukwambia. Kwanza, nakumbuka marehemu alipokuja kujitambulisha, ulivyomtoa nje mbele ya wajomba ukamwambia aegeshe gari la baba kati ya ndoo mbili. Alizigonga zote. Alikuwa mwalimu wa hesabu, masikini, hakuwa amewahi kushika usukani, na mpaka anaingia kaburini aliamini nilimkubali kwa kumhurumia.

Pili, ni vigumu kueleza. Jambo likishafika kwetu linakuwa la familia. Kila mtu analishika, analigeuza, analipulizia. Nilitaka hili kwa miezi michache liwe langu peke yangu. Siku hizi sina vitu vingi vya namna hiyo.

Sasa kuhusu kuhamia. Ni haki yako kumjua mtu utakayeishi naye. Anakoroma, lakini kwa kufuata mpigo. Anakuja na mashine mbili kuukuu za kufulia ambazo anazifufua, na moja lazima ilale ndani kwa sababu haipendi umande. Hawezi kukaa karibu na kitu kizima bila kukifungua aone kwa nini ni kizima. Redio ya kwangu imefunguliwa, saa ya ukutani imefunguliwa, na zote zinafanya kazi vizuri zaidi, ila zimebakiza skrubu ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi. Nimemweleza kuhusu gari lako lenye breki mbili, ya mwalimu na ya mwanafunzi. Hakulala vizuri usiku ule kwa hamu.

Tutafika mara tu baada ya harusi. Andaa chumba.

Dada yako


4 Julai

Kwa Dada yangu, na kwako pia, Shemeji,

Nimeandika neno hilo nikaliacha likauke, nikaenda zangu kufundisha, nikarudi nikalitazama tena. Limekaa sawa. Basi lisalie.

Sitawaficha, barua ile ilipofika nilinuna. Nilikwenda kukaa chumba cha nyuma, juu ya kile kitanda cha mtu mmoja, nikatazama uwanja. Niliwaza kwamba nimepaka rangi kwa mikono yangu, nimebishana na seremala, na wakati wote huo dada yangu alikuwa anakunywa chai na bisibisi. Mwanafunzi mmoja akagonga pipa, na sikutoka hata kumwambia kitu. Ndipo wifi yako alipojua kuwa hali ni mbaya.

Alikuja akasimama mlangoni na kile kisauti. Akaniuliza, "Ulitaka nini wewe tangu mwanzo?"

Nikamwambia nilitaka dada yangu asikae peke yake.

"Na sasa yuko peke yake?"

Nikamwambia hayuko.

"Basi toka kwenye kitanda hicho uje ule."

Nikatoka nikala. Na baada ya kula nikazichukua tena zile kanuni za Kilindi, kwa utulivu, kama mtu anayetaka haki itendeke. Nimegundua jambo zito ambalo ni wajibu wangu kukueleza.

Nyuma ya karatasi ya kanuni, kwa maandishi madogo sana, imeandikwa kwamba changu naye anahitaji chakula. Mimi nilidhani anajitegemea kama kaa na chaza. Kumbe anataka mwani. Mwani unao wewe. Kwa hiyo changu wangu amekufa njaa. Changu akifa, papa hana mlo, naye amekufa. Bahari yangu imebaki na pweza na kaa wanatazamana. Kwako wewe kila mtu yuko hai: kiti kina chaza, kasa ana mwani, na hakuna msiba hata mmoja. Nimejumlisha upya. Umenishinda, tena kwa mbali.

Wifi yako anasema maandishi hayo hayaoni. Ni kweli ni madogo sana, pengine inahitajika miwani yangu. Usimsikilize. Mimi ni mtu wa sheria, na sheria imesema ubaki kwako, wewe na mashine zote mbili, ile ya ndani na ile ya nje. Nakusisitizia kwamba sikuombi. Nimeshindwa, na aliyeshindwa hana la kusema.

Shemeji, huyu dada yangu akinyamaza ghafla ujue kuna jambo, na akizungumzia mashuka kwa muda mrefu ujue jambo hilo ni kubwa. Mengine utajifunza mwenyewe. Mambo ya kuegesha gari kati ya ndoo nimeyaacha siku nyingi. Ukifika hapa nitakupa kiti, nitakupa chai, na gari utalitazama kwa nje tu.

Kitanda kile nimekirudisha kwa seremala akiongeze upana, kwa sababu hata walioshinda huwatembelea walioshindwa, wakalala siku mbili tatu, wakarudi kwao. Wifi yako ameshaanza kutafuta kitambaa cha kushonea nguo ya harusi. Anasema kiendane na viatu vyako, na mimi hajaniuliza.

Malizeni kubishana mniambie tarehe, nifunge shule siku hiyo. Wanafunzi wangu watafurahi, na barabara za huku zitapata siku moja ya kupumua.

Mdogo wako, shemeji yako, niliyeshindwa kihalali kabisa,
Breki